Unene wa Unywele Mmoja

Mjomba wangu alikuwa fundi saa. Meza yake ilikaa barazani, Ngamiani, mjini Tanga, upande usiopigwa na jua la alasiri. Juu ya meza hiyo, kati ya bisibisi nyembamba kama njiti za kiberiti na vichupa vya mafuta ya saa, ndipo nilipojifunza kwamba mashine ya kunyolea ndevu hurekebishwa. Hadi siku ile nilidhani mashine hununuliwa ilivyo na hutumika ilivyo; ikikukataa, unatafuta nyingine.

Nazungumzia ile mashine ya kizamani ya chuma. Ina sehemu tatu tu: mpini, bamba la chini lenye ukingo unaoilinda ngozi, na kifuniko kilichopinda kidogo kama mgongo wa kobe. Kati ya bamba na kifuniko hulala wembe mmoja wenye makali pande mbili, ule ule uuzwao madukani kwa vipakiti vya tano tano, kila mmoja umefungwa kwa karatasi yake. Kwetu wembe huo umezoeleka kwa kazi nyingine: hukata kucha, hufumua mshono, huchonga penseli za watoto wa shule. Kinyozi huuvunja katikati ungali ndani ya karatasi, kisha hupachika nusu yake kwenye kishikio. Lakini kazi uliyotengenezewa tangu mwanzo ni hii ya kulala ndani ya mashine, ukibanwa na skrubu moja, na kutoa nje ukingo mwembamba mno wa makali.

Mashine yangu ilikuwa mpya, inang'aa, na mkononi ilikaa vizuri. Kasoro yake ilikuwa moja: ilizidi upole. Haikunikata hata siku moja, lakini ndevu nazo ilizipitia juu juu. Nikinyoa saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa sita mchana kidevu kimekuwa msasa. Chini ya taya, pale ndevu zinapoota kwa kulala, ilinibidi nipite mara nne, mara tano. Nikafanya wanalofanya wengi: nikaongeza nguvu za mkono. Baada ya wiki mbili shingo yangu ilijaa vipele, na ngozi ikawa inawaka kila nilipotoka jasho.

Nikaenda barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Shingo imefanya nini?"

Nikamweleza. Hakuuliza bei wala nilikoinunua. Alisema tu, "Ilete kesho pamoja na wembe uliomo. Usiufungue."

Kesho yake aliipokea kama anavyoipokea saa ya mteja. Alitandika kitambaa cheupe, akavaa ile lenzi yake ya jicho moja, akaiinua mashine hadi usawa wa macho, akaielekeza kwenye mwanga wa barabarani. Akatazama upande mmoja, akaigeuza, akatazama wa pili. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na hakuishika bisibisi hata moja. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba nusu ya ufundi wake ilikuwa hapo. Fundi anayeanza kwa kufungua huwa ameshapoteza ushahidi wa tatizo.

"Njoo utazame mwanya," akaniambia.

Nikatazama. Kati ya makali ya wembe na ukingo wa bamba kulikuwa na mstari wa mwanga, mwembamba kama uzi wa cherehani. Upande mmoja mstari ulikuwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande wa pili ulianza mwembamba sana, ukapanuka ulipofika mwisho. Wembe ulikuwa umekaa upogo, na mimi niliyeitumia mashine hiyo miezi miwili sikuwahi kuona.

Hapo ndipo aliponifundisha kwamba mashine ya kunyolea ina vipimo vitatu, na kwamba anayevijua vitatu hivyo hatahangaika tena na mashine yoyote.

Cha kwanza ni mwanya wenyewe, yaani umbali kati ya makali na ukingo wa bamba. Katika mashine za upole mwanya huwa karibu nusu milimita. Katika zile kali hukaribia milimita nzima, na chache hupita hapo. Tofauti yote kati ya mashine inayobembeleza na mashine inayotisha imo ndani ya nusu milimita hiyo. Fundi wa pikipiki analijua jambo hili kwa njia yake. Anapoweka plagi hupima mwanya kwa vile vibamba vyembamba vya chuma, kwa sababu kosa dogo ambalo jicho halilioni injini hulisikia.

Cha pili ni kujitokeza kwa makali. Chora kichwani mstari ulionyooka unaogusa ukingo wa kifuniko juu na ukingo wa bamba chini. Huo ndio mstari ambao ngozi yako huufuata mashine inapotelemka. Makali yakiwa nyuma kidogo ya mstari, ngozi haikutani nayo mpaka ijibinue kuingia ndani. Yakiwa mbele ya mstari, hukutana nayo papo hapo. Mashine mbili zinaweza kuwa na mwanya sawa kabisa, moja ikawa ya upole na nyingine kali, kwa sababu ya kipimo hiki cha pili tu.

Cha tatu ni pembe, jinsi wembe unavyoinama kuelekea usoni, na hicho kimegawanywa kati ya aliyeitengeneza mashine na mkono unaoishika. Kwa kawaida wembe hunyoa vizuri ukiinama nyuzi 30 hivi kutoka kwenye ngozi. Mashine kali huvumilia mkono unaoyumba kidogo, maana makali yako wazi na hukata katika pembe nyingi. Mashine ya upole ina dirisha dogo: ukitoka nje yake kwa nyuzi chache, makali hayagusi chochote na wewe unasugua uso kwa chuma kitupu.

"Sasa unaona kwa nini umejichubua," mjomba akasema. "Ulikuwa nje ya dirisha, ukadhani unahitaji nguvu."

Tena nguvu ile ilikuwa na madhara yake. Ngozi si ubao. Ukiikandamiza, huumuka na kujiingiza ndani ya mwanya, na makali yakaparuza kilele cha huo uvimbe badala ya kukata unywele uliosimama. Mashine yenye upole uliozidi humshawishi mtu akandamize, naye kwa kukandamiza huifanya iwe katili bila kuifanya ikate vizuri zaidi.

Hapa kuna maneno mawili ambayo hatuna budi kuyatenganisha. Upole si ubutu. Ubutu ni hali ya wembe: makali yamechoka, yanavuta unywele kabla ya kuukata, na macho yanakutoka machozi. Upole ni hali ya mashine: wembe unaweza kuwa mkali kabisa, lakini umefichwa ndani kiasi kwamba hauifikii kazi. Dawa ya ubutu ni wembe mpya. Dawa ya upole ni kipimo. Anayechanganya mambo haya atabadilisha nyembe mwaka mzima na kidevu kitabaki msasa.

Mjomba alipoifungua mashine, alinionyesha jambo ambalo hadi leo hunifanya niitazame kwa heshima. Wembe ukiwa peke yake ni bapa na hutetema kama jani; unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Lakini bamba la mashine lina mbinuko, na kifuniko kina mpindo unaofanana nao. Skrubu inapokazwa, kifuniko huulazimisha wembe uinamie juu ya bamba, na wembe uliopinda huwa mgumu. Ni siri ile ile ya bati la nyumba: bati bapa hujikunja kwa upepo, bati lenye migongo hubeba mtu aliyepanda kutengeneza paa. Chuma kile chembamba kinapata uimara kwa mpindo, bila kuongezwa unene hata kidogo.

Aliyelitumia wazo hilo ni King Camp Gillette, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1855, ambaye kabla ya hapo alikuwa akizunguka kuuza vizibo vya chupa, hivi hivi tunavyovifungua kwenye soda. Kizibo hutumika mara moja kikatupwa, na mwajiri wake, William Painter, aliyekivumbua, alimshauri naye abuni kitu cha namna hiyo. Mwaka 1895, akiwa Brookline katika jimbo la Massachusetts, Gillette alipata fikra ya wembe mwembamba usionolewa. Wajuzi wa chuma walimwambia kwamba chuma chembamba kiasi hicho hakiwezi kutiwa ugumu wa kushika makali. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyelitatua tatizo hilo. Kampuni iliundwa mwaka 1901, mauzo yakaanza 1903, na mwaka huo wote ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168. Hataza ikatolewa Novemba 15, 1904. Ilipofika Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Marekani ilinunua mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake.

Kinachonigusa zaidi ya hesabu hizo ni kwamba urekebishaji ulikuwemo tangu mashine ya kwanza, umefichwa ndani ya skrubu. Mpini ukikazwa hadi mwisho, wembe huinama kabisa na makali hushuka karibu na ukingo. Hapo mashine ni ya upole. Mpini ukilegezwa kidogo, robo ya mzunguko tu, wembe hujinyoosha kiasi, makali yakapanda na mwanya ukaongezeka. Mwenye ndevu laini alikaza, mwenye ndevu ngumu akalegeza. Chuma kilekile, skrubu ileile, na kila mtu akapata mashine ya uso wake.

Njia hiyo ina mpaka wake, na ni lazima niuseme. Wembe uliolegezwa umepoteza sehemu ya ule ugumu wa mpindo. Ukilegeza kupita robo, wembe huanza kutetema unapokutana na ndevu, na wembe unaotetema hukata ngozi. Mashine nyingi za siku hizi zimetengenezwa zikazwe kabisa. Ukizilegeza, wembe hauna kinachoushika. Ndiyo maana watengenezaji walitafuta njia nyingine. Mwaka 1955 Gillette waliuza mashine ya aina moja kwa viwango vitatu: yenye ncha ya buluu kwa ndevu nyepesi na ngozi laini, ya kawaida kwa watu wengi, na yenye ncha nyekundu kwa ndevu nzito. Kisha mwaka 1958 ikaja mashine nene ya mpini mfupi ambayo wapenzi wake waliibandika jina la Fatboy. Shingoni ina pete yenye namba 1 hadi 9. Ukiizungusha, ukingo wa bamba husogea kuukaribia wembe au kuuacha, huku wembe wenyewe ukiwa umebanwa sawasawa. Ilitengenezwa hadi 1961. Kwenye chuma chake imechorwa herufi na namba, E-3 kwa mfano, na anayejua kusoma atakwambia kwamba ilitoka kiwandani katika robo ya tatu ya mwaka 1959. Huko Solingen, Ujerumani, mji ulioishi kwa visu na mikasi kwa karne nyingi, kampuni ya Merkur inatengeneza mashine iitwayo Progress, ambayo kitufe chake kiko chini kabisa ya mpini na kina namba 1 hadi 5.

Nimewahi kuishika Fatboy. Unapozungusha pete yake huoni mabadiliko, ila unapoiinua kwenye mwanga, ule uzi wa mwanga umenenepa kidogo. Mtu aliketi kiwandani akahakikisha kwamba uzi huo unanenepa pande zote mbili kwa kiasi kimoja, kwa mashine moja baada ya nyingine. Huo ni uadilifu wa kazi.

Mashine yangu haikuwa na pete wala kitufe. Kwa hiyo mjomba akaanza palipotakiwa kuanza, na palikuwa mbali na kurekebisha.

Kwanza alisafisha. Maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvichumvi, na chumvi ile ilikuwa imeshikana na sabuni chini ya kifuniko na kwenye hesi ya skrubu, ikafanya ganda jeupe. Ganda hilo ndilo lililounyanyua wembe upande mmoja. Aliloweka sehemu zote kwenye siki iliyochanganywa na maji ya vuguvugu kwa dakika chache, akasugua kwa mswaki mkuukuu, akasuuza na kukausha. Hakuiacha sikini muda mrefu, kwa sababu siki huula mng'ao wa juu.

Pili aliweka wembe mpya, akaifunga mashine kwa namna ambayo nimeifuata tangu siku hiyo: kifuniko kimelala mezani kichwa chini, wembe juu yake, bamba juu ya wembe, kisha mpini unazungushwa huku vidole viwili vimeshika ncha fupi za wembe, mbali na makali, usiende upogo skrubu inapokaza. Akaiinua tena kwenye mwanga. Safari hii nyuzi mbili za mwanga zilikuwa pacha.

Tatu alinirudisha kwenye maji. Tuna methali ambayo kila mtoto anaijua: mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji. Tumeizoea kama onyo, na tumesahau kwamba imebeba ufundi ndani yake. Unywele mkavu ni mgumu sana. Ukinyweshwa maji huvimba, hulainika, na wembe huukata kwa nguvu ndogo zaidi. Haya hayatokei kwa kujipangusa mara moja. Yanataka dakika mbili tatu za maji ya moto kiasi, kisha povu zito linaloyazuia maji yasikauke. Mimi nilikuwa nikijirashia maji na kuanza kazi. Sehemu kubwa ya kile nilichokiita upole wa mashine ilikuwa ukavu wa ndevu.

Nne alinifundisha pembe kwa kutumia sikio, na hilo lilitoka moja kwa moja kwenye ufundi wake wa saa. "Weka kifuniko kwenye shavu, mpini uelekee nje kama tawi. Usikate. Sasa shusha mpini polepole huku unatelemka, mpaka usikie." Nikafanya. Mwanzoni kimya, chuma kinateleza juu ya povu. Kisha, mpini uliposhuka kidogo, ikaja sauti ndogo kama ya mtu anayetembea juu ya mchanga mkavu. Ndiyo sauti ya nywele zinazokatwa. "Hapo ndipo pembe yako ilipo," akasema. "Sauti ikipotea, umetoka. Rudi mpaka isikike."

Nikaenda nyumbani na maagizo hayo manne, nikakatazwa kubadilisha kitu kingine chochote kwa siku saba. Baada ya siku saba hali ilikuwa nzuri kuliko mwanzo: mashavu yalikuwa safi, na vipele vilianza kupoa kwa kuwa nilikuwa nimeacha kukandamiza. Lakini chini ya taya na kwenye kidevu bado nilihitaji kupita mara tatu. Sasa tuliweza kusema kwa haki kwamba mashine ina upole uliozidi kwa ndevu zangu. Kabla ya hapo tungekuwa tunaisingizia.

Siku hiyo nilirudi barazani, na ndipo nilipoona tandiko likikatwa, yaani kipande chembamba cha chuma cha kuwekwa chini ya wembe.

Mjomba alichukua wembe uliokwisha kazi. Akavaa miwani, kwa sababu chuma cha wembe ni kigumu na huruka vipande. Akaukunjia ndani ya kitambaa kizito, akautoa nje kiasi tu cha kukatwa, na kwa mkasi wa bati akaondoa ukingo wote wa makali upande mmoja, kisha wa pili. Vipande vya makali alivitumbukiza kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko alilokuwa nalo kwa kazi hiyo. Kilichobaki mkononi kilikuwa ubavu wa katikati wa wembe, wenye matundu yake yote, hauwezi kumkata mtu. Akausugua pembeni kwa jiwe hadi ukawa laini, akauweka juu ya kioo na kuugonga kwa ukucha asikie kama umelala bapa. Haukulala. Akaunyoosha kwa kidole, akagonga tena. Mara ya tatu ndipo aliporidhika.

Tandiko hilo aliliweka juu ya bamba, na juu ya tandiko wembe mpya, na juu ya wembe kifuniko. Akakaza hadi mwisho, kwa kuwa sasa hapakuwa na haja ya kulegeza chochote. Wembe ulikuwa umebanwa imara, ila umekaa juu kidogo. Kidogo kiasi gani? Unene wa tandiko lenyewe, sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni karibu unene wa unywele mmoja mgumu wa kidevuni.

"Hiki tu?" nikauliza.

"Hiki tu. Na usinipe hukumu kabla ya kunyoa mara tatu."

Mara ya kwanza sikujiamini, mkono ulikuwa mzito. Mara ya pili niliisikia tofauti kabla ya kuihisi: ile sauti ya mchanga ilikuwa nene zaidi, na pembe yake ilikuwa rahisi kupatikana, maana dirisha lilikuwa limepanuka. Mara ya tatu nilipita chini ya taya mara mbili, nikapapasa kwa kiganja kutoka sikioni hadi kidevuni, na kiganja hakikukwama popote.

Kijana akipata kitu kizuri hutaka viwili. Nikaomba tandiko la pili. Mjomba hakunikataza, alinikatia, akaniambia nijaribu nione. Asubuhi iliyofuata nilitokwa na damu sehemu tatu, na wembe ulikuwa ukinguruma juu ya mfupa wa taya. Nilipomrudishia alilipokea bila kunicheka. Akalitia kwenye kopo, akasema neno ambalo ndilo kiini cha makala hii: kipimo kizuri ni kile kidogo kuliko vyote kinachotosha.

Neno hilo lina uzito zaidi kwetu wenye nywele za kujikunja. Unywele wa namna hiyo hukua kwa kupinda. Ukikatwa karibu mno, ncha yake huzama chini ya ngozi, kisha inapokua hutoboa ukuta wa kinyweleo kwa ndani. Au hutoka nje, ukajikunja na kuingia tena pembeni. Mwili huushambulia kama mwiba, na hapo ndipo vipele vya ndevu vinapozaliwa. Kwa hiyo kunyoa hadi ngozi iwe kama kioo hakupaswi kuwa lengo letu. Fuata uelekeo wa ndevu, usivute ngozi, usipite kinyumenyume shingoni, na uridhike na kivuli chembamba kinachobaki. Vipele vikizidi, zipumzishe ndevu wiki kadhaa au mwone daktari wa ngozi, kwa maana hakuna tandiko litakaloviponya. Na wembe ni wa mtu mmoja. Usiuazime wala usiuazimishe, hata kwa ndugu, maana damu kidogo isiyoonekana inatosha kuhamisha maradhi.

Nimefikiri sana kwa nini kazi ile ndogo imenikaa kuliko mambo mengi makubwa niliyofundishwa. Nadhani ni mpangilio wake. Mjomba angeweza kukata tandiko siku ya kwanza. Alijua tangu alipoitazama mashine kwamba huenda tungefika huko. Lakini angelikata siku ile, tungekuwa tumerekebisha mashine chafu, yenye wembe uliokaa upogo, inayoshikwa na mkono usiojua pembe, juu ya ndevu kavu. Ingekata zaidi, naam, na ingekata vibaya zaidi. Aliondoa makosa moja moja hadi likabaki lile ambalo ni la mashine yenyewe, ndipo akaligusa, tena kwa unene wa unywele. Saa alizitengeneza vivyo hivyo. Saa inayochelewa aliisafisha kwanza, akaitia mafuta, akaiacha itembee siku nzima, na ndipo alipogusa kile kijiti kidogo cha kuharakisha.

Mjomba hayupo tena, Mungu amrehemu. Mashine ninayo, na tandiko limo ndani yake. Nimelibadilisha mara chache lilipoanza kupata kutu pembezoni, kila mara nikilikata kwa mkasi uleule na kuligonga juu ya kioo.

Kama nawe una mashine iliyozidi upole, usiitupe na usiikandamize. Isafishe, uitazame kwenye mwanga, tia wembe mpya, zipe ndevu zako maji ya kutosha, na uitafute pembe kwa sikio. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na ukipe siku tatu. Yakiisha hayo yote na kidevu bado ni msasa, kata tandiko moja. Moja litakutosha.